Raha ya Kuhitajiwa

Hotuba kwa wachezaji na watengenezaji wa gemu za mtandaoni

Ndugu zangu wachezaji, ninyi mnaotengeneza gemu, na wazazi mliokuja kujionea kile watoto wenu wanachokipenda, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze kinachozipa raha gemu za uhusika za mtandaoni, zile ambazo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja, kila mtu na mhusika wake. Swali hili huulizwa kwa namna mbili. Asiyecheza huuliza kwa mshangao: mna nini ninyi, jioni nzima mnaua mbwamwitu walewale? Mtengenezaji yeye huuliza akiwa na daftari mkononi, anataka orodha: picha nzuri, muziki, silaha, majoka. Nitawajibu wote jibu moja, kisha muda uliobaki nitautumia kulitetea. Raha kubwa ya gemu hizi ni kwamba mle ndani kuna watu wengine, na watu hao wanakuhitaji. Majoka, deraya na viwango vya kupanda vina utamu pale vinapolisaidia hilo, na vinachosha pale vinapolizuia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Ulisoma maelezo ya mahali ulipo, ukaandika kwamba unataka kwenda kaskazini au kuokota upanga, na kompyuta ikakujibu kwa maandishi. Watu wa nje ya chuo walijiunga kwa njia ya simu usiku wa manane, saa ambazo kompyuta ya chuo haikuwa na kazi nyingi. Nawaomba watengenezaji mlifikirie hilo kwa utulivu. Watu waliacha usingizi wao kwa ajili ya maandishi kwenye skrini, kwa sababu mstari mmojawapo katika maandishi hayo ulikuwa umetoka kwa mtu mwingine aliyekuwamo katika chumba hichohicho.

Bartle aliwatazama watu hao kwa miaka mingi, na mwaka 1996 akaandika makala ambayo kila anayejifunza kazi hii hukutana nayo. Aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvinjari na kugundua, wanaofuata watu na maongezi, na wanaopenda kuwashambulia wenzao. Wengi wanaikumbuka ile migawanyo tu, wanajipima na kujiita hivi au vile. Sehemu yenye uzito zaidi katika makala ile huachwa: jinsi mafungu hayo yanavyotegemeana. Mashabiki wa mashambulizi wakizidi, wapenda maongezi wanahama, na wakihama hao, hata mshambuliaji anabaki hana wa kumshambulia. Bartle alikuwa anaeleza jamii, na jamii haisomeki kwa kumpima mtu mmojammoja.

Baadaye akaja mtafiti Nick Yee, ambaye mwaka 2006 alichapisha matokeo ya kuwahoji wachezaji 3,000. Alipata sababu kumi za kucheza zilizojipanga katika makundi matatu: mafanikio, mahusiano na watu, na kuzama katika ulimwengu wa kufikirika. Aliona pia kwamba sababu hizi hazifukuzani. Mtu anayependa sana kupanda kiwango anaweza kuwa huyohuyo anayependa sana watu. Sisi tuliokaa ndani ya vyama vya wachezaji tunalijua hilo kwa macho. Yule anayekesha akipiga hesabu za silaha ipi inazidi ipi, mara nyingi ndiye anayekesha pia akimfundisha mgeni namna ya kuishika.

Sasa niwaonyeshe ninachokisema kwa karibu, maana maneno ya jumla hayamshawishi mtu.

Katika World of Warcraft kuna pango la moto linaloitwa Molten Core. Katika miaka ya mwanzo ya gemu hiyo, iliyotoka Novemba 2004, pango hilo lilihitaji watu 40. Wafikirieni: watu 40, kila mmoja kwake, sauti zao zinakutana kwenye hedifoni. Mbele yao amesimama Baron Geddon, jitu la moto mtupu. Silaha yake ya kutisha kuliko zote ni hii: humchagua mchezaji yeyote kati ya hao 40 na kumgeuza bomu. Aliyechaguliwa ana sekunde chache tu. Akibaki alipo, atalipuka katikati ya wenzake, mlipuko utawarusha juu, na wale walioishiwa afya watakufa. Akikimbia mbali, atalipuka peke yake, na mganga aliye macho anaweza kumwahi.

Huyo aliyechaguliwa huenda ndiye mgeni kuliko wote, aliyeletwa dakika ya mwisho kujaza nafasi. Huenda ni mganga ambaye macho yake yote yako kwenye mistari ya afya ya watu wengine, hata hajauona moto mwilini mwake. Mara sauti inamwita kwa jina: ni wewe, kimbia! Katika sekunde hizo, uhai wa watu 39 uko kwenye miguu yake. Mara ya kwanza anakosea. Anakimbilia upande waliko waganga, wanakufa wao, halafu wanakufa wote waliokuwa wakiwategemea. Kundi zima linafutika. Wanarudi mbio kutoka makaburini, wanakula, wanakunywa, wanajipaka upya dawa zao, na kiongozi anaeleza tena, polepole, ukuta upi ni wa kukimbilia. Wanakufa tena kwa kosa jingine. Kisha inafika zamu ambapo mtu yuleyule anachaguliwa, na kabla jina lake halijatajwa tayari ameshaondoka, yuko ukutani, analipuka peke yake. Hakuna anayesimama kumpigia makofi, maana jitu bado liko hai. Lakini yeye anajua alichofanya, na wenzake 39 wanajua.

Sasa fuateni hesabu ya nyara. Bosi wa namna hiyo, yaani adui mkuu wa pango, akianguka hutoa vitu vichache, vidole vya mkono mmoja vinatosha kuvihesabu, na watu ni 40. Maana yake ni kwamba kila ushindi huwaacha watu zaidi ya 30 mikono mitupu. Kama raha ingekuwa ni nyara, watu hao wangenuna, na juma linalofuata pango lingekuwa tupu. Wanarudi. Wanarudi saa ileile, siku ileile, na aliyechelewa anaomba radhi kwa wote. Tena wachezaji wenyewe, tangu enzi za EverQuest iliyoanza mwaka 1999, walibuni mfumo wa pointi ili kugawana nyara kwa haki: ukihudhuria unapata pointi, ukitaka deraya unazilipa. Hakuna kampuni iliyowaagiza. Walifungua madaftari, wakateua watunza hazina, wakasuluhisha ugomvi, wakaandika kanuni na kuzirekebisha. Nimeona mchezaji akiuachia upanga alioungoja kwa miezi ili uende kwa mwenzake, kwa sababu kundi lingesonga mbele haraka zaidi ukiwa kwa huyo. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya upanga.

Kinachowezesha haya ni uamuzi wa kiufundi ambao naupenda sana, nao ni ule wa kumfanya kila mhusika awe na upungufu. Gemu nyingi za aina hii zimejengwa juu ya kazi tatu. Mmoja ni ngao: anavaa chuma kizito, anamkasirisha bosi kwa makusudi, anapokea mapigo yote. Mwingine ni mganga: mikono yake haina nguvu ya kuua, ila anarudisha uhai. Waliobaki ni washambuliaji: wanaua haraka na kufa haraka. Ngao peke yake hawezi kummaliza adui mkubwa. Mshambuliaji peke yake hadumu. Mganga peke yake hana wa kumganga. Mtengenezaji mwenye huruma ya kupita kiasi atatamani kuziba pengo hili, ampe kila mtu kila kitu, na kwa kufanya hivyo atakuwa ameondoa sababu ya watu kuitana.

Nadhani hakuna waliolielewa hili kwa undani kama waliotengeneza Star Wars Galaxies mwaka 2003. Katika ulimwengu ule uliweza kuwa mcheza ngoma au mpiga muziki, hiyo ndiyo ikawa kazi yako. Wapiganaji walipata uchovu wa vita usioondoka kwa dawa za mganga wa kawaida. Ili uwaondoke, ilibidi waingie ukumbi wa burudani, wakae chini, wamtazame mchezaji mwingine akicheza ngoma. Basi kumbi zikajaa. Wapiganaji waliokuja kwa sababu ya uchovu waliingia maongezini, wakatunza wachezaji wao, wakajuana. Mcheza kwao hutunzwa, na mle ndani walitunzwa kwelikweli, kwa fedha za gemu na kwa majina yao kujulikana. Novemba 2005 wenye gemu waliibadilisha kwa ghafla, kazi zaidi ya 30 zikafyekwa zikabaki tisa, lengo likiwa kuirahisisha na kuijaza mapambano. Wachezaji wengi wa zamani waliondoka kwa uchungu ambao wengine bado wanao. Gemu ilifungwa Desemba 2011. Sisemi kwamba badiliko lile peke yake ndilo lililoiua, lakini nina hakika kwamba walioondoka hawakuwa wanalilia picha wala silaha.

Najua kuna anayeniambia moyoni: mimi nacheza peke yangu, sina chama, na raha naipata. Ni kweli, na mko wengi. Mwaka 2006 Nicolas Ducheneaut na wenzake, Yee akiwamo, walichapisha utafiti kuhusu World of Warcraft ulioonyesha kwamba wachezaji hutumia muda mwingi wakiwa peke yao, wakifanya kazi zao kimya katikati ya umati. Wengi waliusoma utafiti huo kama ushahidi kwamba watu hawahitajiani. Mimi nausoma kinyume chake. Watafiti wenyewe walisema kwamba hata kwa hao wapweke, wengine wana kazi: ni watazamaji wao, ni mandhari hai, ni ile hali ya kujua kuna watu karibu. Ukishona joho la nadra katika gemu ya mtu mmoja, unalivaa mbele ya kioo. Ukilishona mtandaoni, unapita nalo sokoni, na mgeni mmoja anasimama, anakuzunguka, anauliza umelipata wapi. Swali hilo dogo ndilo lililolipa joho thamani.

Kuhusu kupanda viwango sitakaa sana, kwa kuwa kila mtu analijua jambo hilo. Nambari ikipanda, moyo unapanda. Nitataja kisa kimoja tu kinachowafaa watengenezaji. Wakati World of Warcraft ikiwa bado kwenye majaribio, waliotengeneza hawakutaka watu wacheze bila kupumzika, kwa hiyo baada ya muda fulani mchezaji alianza kupata pointi za uzoefu pungufu. Watu walichukia. Watengenezaji wakaligeuza maelezo: anayerudi baada ya kupumzika anapata pointi maradufu, kisha bonasi ikiisha anarudi kwenye kiwango cha kawaida. Mambo yalibaki karibu yaleyale kihesabu, na watu wakafurahi. Mchezaji anataka kuonekana kama mtu anayekaribishwa, hata na mashine.

Nataka kuzungumzia kwa kirefu zaidi jambo ambalo gemu hizi zinalo na nyingine hazina, nalo ni historia. Namaanisha historia ya kweli, iliyofanywa na wachezaji, isiyoweza kurudiwa.

Mwaka 1997, Ultima Online ikiwa majaribioni, mtengenezaji wake Richard Garriott aliingia ulimwenguni humo akiwa mfalme Lord British kuwahutubia raia wake. Mfalme alipaswa kuwa hauawi, lakini kinga hiyo haikuwa imewashwa. Mchezaji mmoja akarusha moto wa uchawi, na mfalme akafa mbele ya umati. Hakuna mwandishi aliyeipanga hadithi hiyo, na ndiyo inayosimuliwa hadi leo kuliko zote zilizopangwa.

Au chukueni Januari 2006, kwenye World of Warcraft, kufunguliwa kwa milango ya Ahn'Qiraj, mji wa wadudu uliofungwa jangwani. Milango haikufunguka kwa tangazo. Seva nzima, yaani nakala moja ya ulimwengu huo na wachezaji wake wote, pande zote mbili zilizozoea kuuana, ilitakiwa kukusanya mahitaji ya vita: bandeji, vipande vya shaba na bati, ngozi, mitishamba, samaki waliopikwa, kwa wingi usiowezekana kwa chama kimoja. Hapo ndipo mchezaji wa kiwango cha chini, ambaye hakuwahi kuliona joka hata kwa mbali, alipopata nafasi. Alikaa ufukweni akavua. Alichimba shaba iliyokuwa imedharauliwa na wakubwa. Alikunja bandeji za kitani, akazipeleka kwa karani, akaona jumla ya seva yake ikisogea. Huku vyama vikubwa vikihangaika kumwandaa mchezaji mmoja apate fimbo ya kugongea kengele ya mlangoni, maelfu walikuwa wakibeba samaki. Kisha kengele ikagongwa, na wadudu wakamiminika jangwani, na vita vikaendelea kwa saa 10. Seva zilielemewa, picha ziligandaganda, watu walitupwa nje wakarudi, na walioshuhudia bado wanasema: nilikuwepo. Aliyevua samaki anasema nilikuwepo sawasawa na aliyegonga kengele. Sijui ubunifu mwingine uliowahi kumpa mnyonge wa gemu heshima kama hiyo, na nasikitika kwamba haujaigwa mara nyingi.

EVE Online, gemu ya vyombo vya anga iliyoanza mwaka 2003 kutoka kampuni ya CCP ya Iceland, imelifikisha jambo hili mbali zaidi. Wote wako katika galaksi moja, chombo kikilipuka kimepotea, na miungano ya wachezaji inamiliki maeneo na kuyalipia. Tarehe 27 Januari 2014 malipo ya eneo liitwalo B-R5RB hayakupita. Wapinzani wakaliona pengo, wakaingia, na wenyewe wakaita jeshi. Kufikia mwisho wa vita, vilivyodumu takriban saa 21, zaidi ya wachezaji 7,000 walikuwa wameshiriki na vyombo 75 vya daraja la titani, vikubwa kuliko vyote, vilikuwa vimeharibiwa. Kila titani ni kazi ya watu wengi kwa wiki nyingi: wachimba madini, wasafirishaji, walinzi, wahasibu. Kampuni iliacha mabaki makubwa yakielea mahali hapo yawe kumbukumbu, na wachezaji huenda kuyatazama. Hatari ya kupoteza ndiyo iliyolipa tukio lile uzito wake. Sishauri kila gemu iwe na ukali huo, wengi wetu tusingeuvumilia, lakini gemu isiyoruhusu chochote kupotea haitakuwa na cha kusimulia.

Niseme sasa juu ya mhusika, yule unayemuumba siku ya kwanza ukimchagulia uso, nywele na jina. Wazazi mliopo hapa, hili ni lenu hasa.

Mats Steen alikuwa kijana wa Norway mwenye ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, na walihuzunika wakiamini kwamba ameishi bila marafiki, amekaa mbele ya kompyuta tu. Baada ya kifo chake, baba aliandika taarifa ya msiba kwenye blogu ya mwanawe, na barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali. Zilitoka kwa watu waliomjua kwa jina la Ibelin, mhusika wake katika World of Warcraft, mwanachama wa chama cha Starlight. Waliandika kwamba aliwasikiliza wakiwa na msongo, aliwashauri, aliwachekesha. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Mle ndani alikuwa mtu mwenye miguu yenye nguvu, anayekimbia, na watu walimtafuta wakiwa na shida. Wengine wanaita hali kama hiyo kukimbia maisha. Mimi naona kijana aliyekuwa na mengi ya kutoa, na akapata mahali ambapo mwili wake haukumzuia kuyatoa.

Kisa hicho hakinifanyi nifumbe macho. Yapo madhara, na anayeyakana hatusaidii. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa uchezaji gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022: mtu asiyeweza kujizuia, anayeiweka gemu mbele ya kila kitu, na anayeendelea ingawa maisha yake yanaharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Tukumbuke pia kwamba kuhitajiwa, raha hii ninayoisifu, inaweza kugeuka mnyororo. Mganga wa kundi huona aibu kulala akiwa mgonjwa kwa sababu watu 39 wanamsubiri. Kiongozi mwema wa chama huweka watu wa akiba, anafunga mlango saa iliyopangwa, na hamsemi kwa ubaya aliyechagua mtihani wake au mtoto wake. Chama kisichoweza kuishi bila wewe kwa wiki moja kimeongozwa vibaya.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kuuza bahati nasibu ndani ya gemu. Sanduku unalolilipia bila kujua kilichomo limechukua nafasi ya pango la watu 40 katika gemu nyingi mno. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia katika baadhi ya gemu ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo, nami naona ilitamka kweli. Sanduku halimhitaji mtu mwingine. Halikuhitaji hata wewe, linahitaji fedha zako.

Kuna mjadala wa pili ambao ni mgumu zaidi, na sitauficha ugumu wake. Desemba 2009 World of Warcraft ilileta mfumo wa kukutafutia kundi: unabonyeza kitufe, mashine inakuunganisha na wageni wanne, hata kutoka seva nyingine, inawarusha moja kwa moja ndani ya pango. Kabla ya hapo ilibidi uombe, ungoje, utembee hadi mlangoni, na njiani mzoeane. Mfumo huo uliwapa nafasi watu wenye saa moja tu ya kucheza, na hao ni wengi, wana kazi na familia. Lakini ulileta pia ukimya. Watu watano wanaingia, wanaua, wanatoka, hakuna aliyesema salamu, kwa kuwa hawataonana tena. Mtu akikosa adabu hakuna sifa ya kupoteza, na akiwa mwema hakuna atakayemkumbuka. Toleo la Classic, yaani gemu hiyo kama ilivyokuwa miaka ya mwanzo, liliporudi Agosti 2019 bila mfumo huo, siku za mwanzo wachezaji walijaa mno hadi sehemu nyingine wakapanga foleni, mmoja nyuma ya mwingine porini, kila mtu angoje zamu ya kumuua adui mmoja. Hakuna kanuni ya gemu iliyowalazimisha. Walijua kwamba watu wa seva hiyo ndio watakaokutana nao kesho na keshokutwa.

Sidhani suluhisho ni kuwanyima watu urahisi. Final Fantasy XIV inanipa matumaini. Toleo lake la kwanza la mwaka 2010 lilishindwa vibaya, likafungwa Novemba 2012, na mwaka uliofuata likarudi limejengwa upya chini ya Naoki Yoshida. Nayo ina mashine ya kuunganisha wageni. Ila mchezaji mpya anaonekana na alama ya chipukizi kando ya jina lake, kundi likiwa na mtu anayeingia pango hilo kwa mara ya kwanza wote hupata bonasi, na mwishoni kila mmoja anaweza kumpa mwenzake pongezi. Mgeni asiyejua, ambaye kwingine ni mzigo wa kutukanwa, pale amefanywa kuwa baraka. Hilo ni badiliko dogo la kanuni. Limebadilisha namna watu wanavyosemeshana.

Basi watengenezaji, ombi langu kwenu ni la kazi. Mtakaporudi kwenye gemu mnayoijenga, tafuteni mahali pamoja ambapo mchezaji hawezi kupita peke yake, halafu mumpe sababu ya kungoja hapo: moto wa kuotea, benchi, chombo kinachochelewa, ngoma ya mtu mwingine. Mpeni mnyonge kitu ambacho wakubwa wanakihitaji, kama samaki wale wa Ahn'Qiraj. Acheni majina ya watu yaonekane zaidi ya mara moja.

Nanyi viongozi wa vyama, msimfukuze mgeni kwa kosa la kwanza. Mfundisheni ukuta wa kukimbilia. Anayewatukana wasichana kwenye sauti, huyo mtoeni usiku huohuo hata kama ndiye mshambuliaji wenu bora. Nguvu zake mtazipata kwa mwingine, lakini waliokaa kimya kwa sababu yake hawatarudi.

Na wewe mgeni kabisa, ambaye umesikia yote haya na unataka kuanza, usihangaike kutafuta mhusika mwenye upanga mrefu. Anza na mganga. Vitufe vyake ni vingi na utakosea, lakini waganga hawatoshi katika gemu hizi, na utaitwa kundini kabla hujamaliza kujifunza.